Kompresa imefika, bunduki bado

Kompresa ilipofika nyumbani kwao Keko, watoto waliizunguka kana kwamba limeletwa gari. Mama yao hakusogea. Alikuwa akikaanga maandazi uani, na hesabu ziko kichwani: mashine ile imetokana na mkopo wa kikoba chake, na rejesho la kwanza ni baada ya wiki nne.

Mumewe ni seremala. Miaka yote akimaliza kitanda au kabati humpelekea fundi rangi wa jirani, na faida inagawanyika hukohuko. Mwaka jana aliazima kompresa ndogo na bunduki ya kupulizia rangi ili afanye mwenyewe. Milango ya kabati ikatoka na vinundu kama ganda la chungwa. Mteja akairudisha, ikapigwa msasa upya, na fedha ya ada ikaishia kwenye vanishi. Jambo hilo halikuzungumzwa tena, lakini hakuna aliyelisahau.

Ndiyo maana Jumamosi walikwenda wote wawili Kariakoo kununua bunduki. Muuzaji akatoa ya bei kubwa, inang'aa. "Hii, kaka, ndiyo wanayotumia wapiga rangi wa magari." Mume akaipima mkononi, uso ukachangamka. Mke akaomba boksi.

Bunduki za aina ile zina sifa ya kweli. Hurusha rangi kwa msukumo mdogo, kwa hiyo nyingi inashika kwenye mbao badala ya kupotea hewani. Ila zinataka upepo mwingi. Boksi lilisema lita 340 kwa dakika. Mke akatoa kwenye pochi karatasi aliyonakili kibati cha kompresa: nguvu farasi 2, tangi lita 50, upepo lita 200 kwa dakika.

"Hii inakula 340, yetu inatoa 200. Nyingine zitatoka wapi?"

"Mama watoto, taratibu, tuko mbele za watu."

Muuzaji, kwa bahati, alikuwa mkweli. Akasema hata hizo 200 ni upepo ambao mashine inauvuta. Unaotoka ni pungufu. Tangi linasaidia dakika chache tu. Mke akaelewa upesi, maana nyumbani wana simtanki dogo na pampu isiyo na nguvu: bomba la bafuni linaanza kwa kishindo, kisha maji yanachuruzika mtu akiwa na sabuni machoni. Bunduki nayo hivyohivyo. Upepo ukipungua, rangi haisambai kuwa ukungu, inatua kwa matone makubwa.

"Ndiyo lile ganda la chungwa," mume akasema kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja tangu mwaka jana.

Wakachukua ndogo, inayotumia kama lita 120. Hupuliza ukanda mwembamba, na kwa gari zima ingekuwa mateso, lakini kwa kitanda au mlango inatosha. Nozeli yake milimita 1.4 inafaa vanishi. Rangi nzito ya kwanza ingehitaji tundu kubwa zaidi, kama 1.8. Wakachagua yenye kikombe juu, kinachobeba mililita 600. Rangi inashuka kwa uzito wake, na inayobaki chini ni kidogo. Kwa mtu anayenunua vanishi lita moja moja, mabaki ni fedha.

Chenji ikaleta ubishi. Kichujio cha kunasa maji hakikupingwa, kwani Dar es Salaam hewa ina unyevu na maji hujikusanya ndani ya tangi. Ubishi ulikuwa kwenye barakoa yenye vichujio vya mkaa. Mume alisema kitambaa kinatosha. Kitambaa huzuia vumbi kidogo. Mvuke wa tina hupita.

"Usiku unakohoa wewe, baba watoto, lakini anayekesha ni mimi."

Barakoa ikalipiwa.

Nyumbani kukabaki jambo ambalo hakuna boksi linalolitaja. Ua ni mmoja, na mvuke wa tina hushika moto upesi. Jiko la maandazi liko hatua sita kutoka meza ya useremala. Mume akataka jiko lihame. Mke akakumbusha ni maandazi yanayolipa kikoba. Walinuniana siku mbili. Mwishowe wakagawana saa: maandazi alfajiri mpaka saa mbili, rangi kuanzia saa nne, ambapo hata umande umekauka na vanishi haigeuki weupe.

Jumatano saa nne kasoro, mke akamwagia maji makaa yote, akayachokoa kuhakikisha. Mume akafungua koki chini ya tangi, maji yenye kutu yakatoka, akafunga. Akajaribu kwanza kwenye kipande cha maboksi, kisha akapuliza ubao wa kichwani, mkono ukienda sambamba na mbao, bila kusimama.

Ulipokauka, mke akauinamia dhidi ya mwanga wa mlangoni, akapitisha kidole.

"Hapa pembeni umepita mara mbili," akasema.

"Nimeona."

Akaenda kutafuta msasa.