Shati la Baba Ukutani

Akina mama wenzangu, mavuno yamekwisha. Huku kwetu nyanda za juu za kusini miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kali. Mahindi yameingia ghalani, shamba halina kazi kubwa, na jua likishazama watu wote hujikusanya motoni. Ndiyo majira yetu ya kushona vitambaa vya nyumba: vya meza, vya viti, foronya za mito, na vile vya kutundika ukutani. Leo napenda kuwaeleza habari za kitambaa kimoja tulichokishona mimi na binti yangu katika baridi ya mwaka jana, maana nadhani wapo wengi wenye nguo kama ile yangu sandukuni, nao hawajui waifanyie nini.

Mume wangu alifariki wakati wa masika. Siku ya kuanua matanga nguo zake ziligawanywa kwa jamaa, kama ilivyo desturi, nami sikuwa na neno. Koti akapewa mdogo wake, suruali nzuri wakapewa wapwa. Ila niliomba shati moja, lile jeupe lenye mistari ya buluu alilolivaa siku za Dominika. Kola yake ilikuwa imekwisha kulika. Wazee wakatazamana, na mmoja akanung'unika kwamba mjane hapaswi kuweka nguo ya marehemu. Shemeji yangu mkubwa akaniuliza, "Shemeji, shati bovu kama hili la nini?" Nikamjibu, "La kushona, shemeji." Akanipa, wala hakuuliza tena.

Binti yangu wa mwisho alikuwa amemaliza kidato cha nne, yupo nyumbani. Tangu msiba hakulitaja jina la baba yake. Ukizungumza habari zake, yeye huinuka akaenda kuteka maji, hata kama mtungi umejaa. Pale ukutani mlipokuwa mkining'inia kofia ya baba yake ulibaki msumari mtupu, na siku moja akarudi kutoka mnadani na kitambaa cha plastiki chenye maua mekundu. "Mama, tutundike hiki pale," akasema. Sikumgombeza. Kitambaa cha plastiki kina faida yake mezani penye watoto, kwa sababu chafutika upesi. Lakini jua likikipiga siku nyingi hukauka na kupasuka, na tena kilikuwa kama vile vilivyomo katika kila nyumba ya jirani. Nikamwambia, "Hiki kitakaa mezani. Cha ukutani tutakitengeneza wenyewe." Nikalitoa shati sandukuni. Akalitazama, akaenda kuteka maji.

Nilianza peke yangu. Mama mwenye kutaka kushona vipande na aangalie kwanza nguo alizo nazo. Mimi nilikuwa na shati, na khanga yangu ya zamani iliyochakaa mji wake, lakini pindo bado imara, na vipande vya vitenge alivyonipa fundi cherehani wa hapa kijijini. Fundi hana kazi navyo, huvifagia tu jioni, kwa hiyo msione haya kuviomba. Vyote viwe vya pamba. Ukichanganya na nailoni, pasi ya mkaa itaiyeyusha, na kazi ya majuma mawili itaharibika kwa dakika moja. Tena vifuliwe vyote kabla ya kukatwa, maana nguo mpya hurudi, na nyekundu huchuja rangi. Ijaribu kwa kuilowesha na kuikandamiza juu ya kitambaa cheupe. Ikiacha alama, iweke mbali na shati jeupe.

Nilikata kipimo cha katoni chenye sentimita 12 kila upande. Sentimita moja huliwa na mshono kila pande, hivyo hubaki 10. Vipande 25, yaani vitano kwa vitano, hutoa kitambaa cha nusu mita kwa nusu mita, nacho chatosha ukuta wa nyumba ndogo. Ufuate uzi wa nguo unapokata. Khanga hupasuka sawasawa ukianza kwa mkasi ukamalizia kwa mikono, na hapo ndipo utakapouona mstari wake wa kweli. Kipande kilichokatwa upande huvutana na wenzake mpaka kitambaa chote kikunjamane. Nyuma weka gamti, au shuka kuukuu. Zamani mabibi zetu walitumia marikani, ile nguo ngumu iliyoletwa Unguja na merikebu za Marekani tangu karne ya 19, nayo ndiyo ikaitwa hivyo kwa ajili ya nchi ilikotoka.

Jioni ya tatu nilikuwa naufumua mfuko wa shati. Binti yangu alikuwa ameketi upande wa pili wa moto akipukuchua mahindi. Taa yetu ya sola haina nguvu sana, kwa hiyo nikamwita aniangalizie uzi. Akauona wino. Chini ya mfuko palikuwa na doa la buluu, kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili, ambalo nilikuwa nimelisugua miaka yote pasipo kulitoa. Nikasema nitakata pale pasipo na doa.

"Usikate, mama," akasema. "Najua siku lilipoingia."

Akanieleza. Ni siku baba yake alipompeleka kuanza kidato cha kwanza. Walikuwa wamesimama ofisini, baba akaombwa kutia sahihi, akavuta kalamu mfukoni na kumbe imevuja. Vidole vyote vikawa buluu. Akaogopa kuichafua fomu ya shule, akajifuta katika suruali yake mpya, kisha ndipo akaandika jina lake polepole. Habari hiyo sikupata kuisikia. Aliisimulia yote, na nyingine baada yake, mpaka moto ukawa majivu. Yeye alilia, nami nililia, na hatukuacha kushona, ingawa mishono ya jioni ile ukiitazama mchana ni mirefu kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Tumeiacha vile vile.

Tangu siku ile kazi ilikuwa yetu wawili. Mfuko hatukuukata. Tuliupiga bandi juu ya kitambaa, katikati, mdomo wake ukiwa wazi, kisha binti yangu akautarizi pande zake kwa uzi mwekundu. Uzi wa kutarizi una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, na ukitumia mbili mbili tu mshono hulala vizuri, na kibunda cha mita 8 hukaa siku nyingi. Kabla ya kutundika tulikipiga pasi upande wa nyuma, baada ya kuipitisha pasi juu ya jani la mgomba ili iteleze. Mkaa uangaliwe, cheche moja yatoboa.

Sasa kipo msumarini. Mfukoni mwake hukaa kalamu ya nyumbani na risiti za chama cha ushirika, na mtu akitaka kuandika huambiwa, "Kalamu ipo kwa baba."

Mwezi wa Septemba shemeji alikuja kutusalimu. Alisimama mbele ya kitambaa kitambo kirefu, akaingiza vidole viwili mfukoni, akavitoa. Kisha akauliza kama mikono ya lile shati tumeimaliza yote. Mmoja ulikuwa bado. Binti yangu anamshonea foronya baridi hii, amefikia kipande cha kumi na nane, na uzi mwekundu umemwishia.