Mwacha Asili: Sauti ya Opera katika Albamu ya Roki

Methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa imegeuzwa fimbo ya kumchapia msanii yeyote anayethubutu kuvuka mpaka wa fani aliyofunzwa. Mshairi wa arudhi akiandika shairi huru, huambiwa ameipa jadi kisogo. Mwimbaji wa opera akishika gita la umeme, huulizwa miaka yake ya masomo imekwenda wapi. Je, shutuma hii ina mashiko? Albamu iitwayo Bring Me the Workhorse, iliyotolewa nchini Marekani mwaka 2006 na kampuni ndogo ya Asthmatic Kitty, inatoa fursa nzuri ya kulichunguza swali hilo.

Mwenye albamu hiyo ni Shara Worden, ambaye siku hizi hujulikana kama Shara Nova. Ndiyo albamu ya kwanza aliyoitoa kwa jina la kisanii la My Brightest Diamond. Alizaliwa katika jimbo la Arkansas, kwenye familia ya wahubiri na wanamuziki: baba alikuwa mpigaji hodari wa akodiani, na mama alipiga kinanda kanisani. Baadaye alisomea uimbaji wa opera katika Chuo Kikuu cha North Texas, kisha akahamia New York, akajifunza utunzi kwa Padma Newsome na kujiunga na bendi ya Sufjan Stevens. Hapa ndipo methali inapoanza kuyumba. Asili ya Worden ni ipi? Ni nyimbo za ibada alizolelewa nazo, au ni opera aliyoisomea chuoni? Wanaomlaumu kwa kuiacha opera wanasahau kwamba opera yenyewe ilikuwa mafunzo, wala haikuwa titi la mama.

Ili uzito wa hatua yake ueleweke, sharti ifahamike kwanza mwimbaji wa opera hufunzwa nini. Hufunzwa kuujaza ukumbi mkubwa kwa sauti yake pasi na kipaza sauti, huku okestra nzima ikivuma mbele yake. Siri haimo katika kupiga kelele. Imo katika kuidhibiti pumzi na kuitengeneza njia ya sauti, ili nguvu nyingi ijikusanye karibu na hezi 3,000, mahali ambapo mlio wa okestra umekwisha kupungua. Katika roki, kipaza sauti huwa karibu kugusana na mdomo. Mnong'ono husikika. Hata pumzi husikika. Kwa hivyo aliyefunzwa kuwa mkubwa hulazimika kujifunza upya namna ya kuwa mdogo, na jambo hilo si jepesi hata kidogo.

Nyimbo 11 za albamu hiyo zinaonyesha jinsi Worden alivyolikabili tatizo hili. Hakuchukua mambo makuu ya jukwaa la opera, yaani wafalme, sumu na visasi. Alichagua viumbe wadogo: kerengende aliyenaswa katika utando wa buibui, ndege aliyekufa, sungura, na farasi wa kazi ambaye wimbo wa mwisho unabeba jina lake. Gita, besi na ngoma zinaandamana na ala za nyuzi ambazo yeye mwenyewe aliziandikia muziki. Sauti huanza chini, karibu na usemi wa kawaida, kisha hupaa ghafla pale maumivu yanapozidi maneno. Ni kweli kwamba pengine hupaa mno, na msikilizaji akahisi kwamba kerengende mmoja amevishwa joho la mfalme. Hata hivyo, mara nyingi mpaao huo una kazi: huzuni ya kiumbe mdogo hupewa uzito ambao dunia humnyima.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanaufahamu mvutano wa namna hii. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mjadala mkali ulizuka kuhusu iwapo utungo usiozingatia vina na mizani unastahili kuitwa shairi. Mjadala huo aghalabu huwagawa watunzi katika kambi mbili, kana kwamba kuingia moja ni kuikana nyingine. Mfano wa Worden unadokeza njia ya tatu. Alitoka katika jumba la arudhi yake, lakini alitoka na funguo. Pumzi ndefu, usahihi wa sauti na maarifa ya kuandikia ala za nyuzi havikumfunga. Vilimpa nafasi ya kuchagua, na asiyejua kanuni hana cha kuchagua.

Aidha, mlango haukufungwa nyuma yake. Mwaka 2009 aliimba katika The Hazards of Love, albamu ya bendi ya roki ya The Decemberists. Mwaka 2010 sauti yake hiyohiyo ilisikika katika Penelope, utungo wa Sarah Kirkland Snider ulioandikiwa mwimbaji na okestra ndogo. Laiti angekuwa mtumwa kama methali inavyodai, asingaliweza kuingia na kutoka katika nyumba zote mbili apendavyo.

Basi mwanafunzi anayehesabu mizani usiku kucha, huku moyo wake ukitamani shairi huru, hana haja ya kudhani kwamba anapoteza wakati. Wala mhadhiri wake hana haja ya kumwona msaliti siku atakapoleta utungo usio na vina. La kuulizwa siku hiyo ni iwapo utungo huo unapumua.