Farasi na Mpandaji Mgeni: Safari ya Likizo Kutoka Kibugu



Likizo ya Desemba ilipoingia na joto la Mombasa likazidi, tuliwachukua watoto tukapanda bara hadi Kibugu, katika kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ni nchi ya udongo mwekundu, mibuni na michai, na alfajiri ya baridi inayomfanya mtoto wa pwani atawadhe huku akitetemeka. Mashamba ni madogo madogo, na majani hukatwa na kupelekewa ng'ombe wa maziwa zizini.

Njiani, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, watoto walikuwa wameona punda wakivuta mikokoteni, wakawakumbuka punda wa Lamu. Tulipofika Kibugu wakauliza: mbona farasi hatuwaoni? Swali lao lina jibu. Farasi hutaka malisho mapana, ambayo Kibugu hayapo. Nako kwetu pwani, joto na unyevu huzalisha usubi anayeeneza maradhi yanayowaua farasi kwa haraka, hali punda huyastahimili. Wapandao farasi kwa matembezi huwapata upande wa pili wa mlima, kwenye nyanda za baridi za Nanyuki.

Basi siku moja tukadamka, tukateremka Embu, tukaifuata barabara kuu ya Chuka na Meru. Tulivuka mto Nithi, tukavuka ikweta kabla ya Meru, tukapanda Timau penye mashamba ya ngano, kisha tukaikuta ikweta tena Nanyuki. Watoto walifurahi kuvuka mstari mmoja mara mbili kwa siku moja.

Saisi aliyetupokea, yaani mtunza farasi, hakuuliza nani shujaa. Alisimama kando akiwatazama watoto wanavyotembea, kisha akamchagulia kila mmoja farasi wake. Binti yetu mdogo, ambaye hofu ilikuwa imemkausha midomo, alipewa farasi mzee wa rangi ya majivu.

Farasi wengi wa matembezi hapa Kenya walikuwa farasi wa mashindano katika uwanja wa Ngong, Nairobi. Farasi wa mbio hufunzwa kuegemea hatamu iliyokazwa na kukimbia zaidi. Mpandaji mgeni naye, akiingiwa na hofu, jambo la kwanza afanyalo ni kung'ang'ania hatamu. Hebu fikirini: mmoja anaomba asimamishwe, mwingine anasikia ameamrishwa kukimbia! Kwa hiyo farasi huyo hana budi kufunzwa upya, kwa miezi mingi, mpaka ajue kwamba mikono inayokaza ni ya mtu anayeogopa.

Na hofu yenyewe huijua. Ngozi ya farasi humhisi nzi anapotua, sembuse mapaja yanayombana! Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi waliwaambia watu kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla mbele ya farasi wao. Mwavuli haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nao.

Saisi alimwambia binti yetu, "Mama, toa pumzi polepole, na uangalie mlima, usiangalie chini." Akatii. Tukamwona farasi akiinamisha kichwa na kulegeza shingo. Mbele kidogo mtoto akapoteza mizani, akaelemea kushoto. Farasi akapunguza mwendo, akasogea kushoto hatua moja, hadi uzito ukawa juu yake tena.

Lakini wema huo una gharama. Msimu wa likizo foleni ni ndefu, na kila mpandaji ni mgeni. Huyu anavuta lijamu mpaka mdomo unauma, yule anampiga visigino bila kujua. Mnyama asiyepumzishwa hujifunza kutosikia, husimama kama gogo, na watu husema, "Huyu ni mpole sana." Upole huo ni uchovu.

Baada ya mizunguko miwili saisi alilivua tandiko, akapapasa mgongo wa farasi kwa kiganja. Mzazi mmoja katika foleni akalalamika kwamba amekwisha kulipa. Saisi akajibu, "Pesa utarudishiwa, mzee. Mgongo wake haurudishwi." Watoto wetu waliobaki wakasubiri saa nzima, wakala mahindi ya kuchoma.

Ndugu zetu, Mola wetu ameapa kwa farasi waendao mbio katika Suratul-Aadiyaat. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitukataza kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari, maana yake kuwakalia tu wakati hatuna safari. Ni wangapi leo hukaa juu ya mnyama robo saa wakipigwa picha? Ngamia wa pwani ya Bamburi siku ya Idi ana haki hiyo hiyo, na punda wa Lamu, waliojengewa zahanati yao tangu 1987, vilevile.

Kwa kina mama watakaowapeleka watoto, haya machache. Baibui refu hunasa kwenye kikuku cha kutilia mguu. Vaeni suruali pana ndani na vazi lenye mpasuo. Ondoeni pini za mtandio kabla ya kuvaa kofia ngumu. Viatu viwe vya kufunika, vyenye kisigino kidogo, wala si ndara. Mzigo wote pamoja na tandiko usizidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa farasi: farasi wa kilo 450 asibebe zaidi ya kilo 90. Na kabla ya kulipa, ulizeni farasi huyu amepumzika lini na amekunywa maji lini. Mkikosa jibu, ondokeni.

Mtoto aliyefunzwa kuuliza hivyo amefunzwa kwamba kiumbe asiyeweza kulalamika ni amana mkononi mwake. Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa kila chenye roho. Wabillahi tawfiq.