Tuwachunge, Tusiwafunge



Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Sisi kina mama wa mjini hata asipoulilia twaficha na mkasi. Mwana apanda ukuta, twapiga ukelele. Akimbia uchochoroni, twamwita ndani. Mwisho twampa simu, naye hutulia, nasi twashukuru kwamba yu salama. Nia ni njema, lakini usalama huo una gharama yake.

Hofu hii naijua kwa karibu. Katika ukoo wetu kuna mtoto aliyezama akiwa na umri wa miaka 12. Watu husema bahari ilimchukua. Wasilolisema ni kwamba hakujua kuogelea, kwani tangu udogoni alikatazwa hata kukanyaga maji. Siku alipofuatana na wenzake kwa siri, hapakuwa na mtu mzima wa kumwangalia. Katazo lilimzuia kujifunza, halikumzuia kwenda.

Kwa hiyo mwanangu alipotimiza miaka 9 nilimpeleka Lamu kwa mjomba wake wakati wa likizo. Pale gatini, maji yajaapo, wavulana huchupa baharini mmoja baada ya mwingine. Kaka yangu ni baharia, na ana masharti yake. Asiyejua kuogelea hachupi. Maji yakipwa, hapana kuchupa. Mtu hutazama kwanza kama hapana mashua ipitayo. Hapana kumsukuma mwenzio, na lazima mtu mzima awepo.

Wiki mbili mwanangu alifunzwa kuogelea mahali maji yalipomfika kifuani. Kisha kwa siku tatu alisimama gatini akitazama tu, na mjomba wake hakumhimiza wala hakumcheka. Siku ya nne alishuka hadi ngazi ya chini, akauliza, "Mjomba, maji yangali yajaa au yaanza kupwa?" Alipojibiwa, akachupa. Moyo wangu ulisimama hadi kichwa chake kilipoibuka. Lakini swali lile ndilo nililolithamini zaidi. Mtoto aliyezoea kukatazwa tu hana haja ya kuuliza. Aliyeachiwa kupima ndiye aulizaye.

Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, ameugawa mchezo wa namna hii katika mafungu sita: kupanda juu, kwenda kwa kasi, kutumia zana kali, kucheza karibu na maji au moto, kupigana mieleka, na kutembea mbali na macho ya wakubwa. Hakuna hata fungu moja ambalo babu zetu hawakulicheza. Mwaka 2024, Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Kanada nayo iliwahimiza wazazi wauachie nafasi mchezo huo. Ilitenganisha hatari ambayo mtoto aweza kuiona na kuipima na ile asiyoweza kuitambua mwenyewe. Urefu wa mwembe ni hatari ya kwanza. Tawi lililooza kwa ndani ni ya pili. Hiyo ya pili ndiyo kazi yetu kuiondoa. Shirika la Afya Duniani nalo lataka watoto wa umri wa shule wafunzwe kuogelea, ili kupunguza vifo vya kuzama.

Dini yetu haikuudharau mwili wenye nguvu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipigana mieleka na Rukana, na kwamba alishindana mbio na Bibi Aisha. Basi ingawa nimewataja wavulana, binti naye ana fungu lake, kwa stara na mahali panapomfaa.

Si lazima kuanzia baharini. Mpe mwanao kisu amenye embe nawe umekaa kando yake. Mwache apande mpera wa jirani, kwa idhini ya mwenyewe. Mtume dukani peke yake, kisha uongeze masafa kidogo kidogo. Na ulimi ukitaka kupaza "Utaanguka!", muulize badala yake, "Mguu wa pili utauweka wapi?" Neno la kwanza humtia hofu, la pili humfanya atazame.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu nchi kavu na majini, na atupe sisi wazazi subira ya kuwatazama wakikua. Amin.