Nchi Iliyozama Kati ya Dar es Salaam na Unguja

Baada ya sala ya Alfajiri tuliteremka kutoka vilima vya Kimara kwa basi la mwendokasi hadi Kivukoni, mimi na mwanangu wa miaka kumi, tukapanda boti kwenda Unguja kumjulia hali bibi yake. Tulipofika katikati ya mkondo, mtoto akauliza: "Baba, chini ya maji haya kuna nini?"

Nikamjibu: "Kuna nchi kavu iliyozama."

Ndugu msomaji, hiyo si hadithi ya paukwa pakawa. Miaka 20,000 hivi iliyopita maji mengi ya dunia yaliganda yakawa barafu, na bahari ikashuka kiasi cha mita 120 chini ya kiwango cha leo. Mkondo wa Zanzibar, ambao mahali pengi kina chake hakizidi mita 50, ulikuwa bara. Katika pango la Kuumbi, kusini-mashariki mwa Unguja, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wasiokuwapo kisiwani leo. Hao hawakuvuka kwa jahazi.

Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, na safari yake ikaandikwa katika tope. Mikoko huota pale tu maji yanapojaa na kupwa. Kwa hiyo wataalamu hushindilia bomba matopeni na kutoa udongo mrefu mfano wa mchi, kama walivyofanya katika Ghuba ya Makoba, Unguja, na katika delta ya Rufiji. Tabaka lenye chavua nyingi ya mikoko huwaambia kwamba ufuko ulikuwa jirani. Umri wake hupimwa kwa kaboni. Hivyo hujulikana lini bahari ilipanda na lini ilirudi nyuma.

Leo bahari inapanda tena, na safari hii ufukoni kuna nyumba, visima na misikiti. Mikoko ileile iliyotunza habari hizo ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi.

Sisi wa Kimara tuko juu, twaweza kudhani hayatuhusu. Lakini boriti na mkaa wa mikoko hupata wanunuzi hata mbali na pwani. Ardhi ni amana ya Mwenyezi Mungu, na ulinzi wake huanza sokoni, kwa kuuliza: mti huu umekatwa wapi?