Kabla ya Kumlaumu Muuzaji

Mimi naishi Fizi, huku milimani. Dada yangu mkubwa anakaa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, naye ni mchuuzi wa ndagala. Mwaka jana alitoa akiba yake yote, akaongeza na zamu yake ya fedha katika chama cha akina mama, akampa mwanawe anunue vyombo vya kompyuta kule Uvira. Kijana alitaka kuviunganisha mwenyewe, apate kazi ya kutengeneza picha na filamu za arusi. Kwa ajili hiyo alinunua na kadi ya picha, yaani kile chombo kinachochora yote tuyaonayo kiooni. Kadi hiyo ilikuwa imekwisha kutumika, lakini muuzaji aliahidi kwamba ni nzima.

Siku moja nikapigiwa simu. "Mjomba, tumeibiwa! Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini kioo ni cheusi. Yule mzee wa Uvira ameniuzia kadi mbovu. Nimekwisha kumpelekea maneno makali, na kesho napanda lori nimfuate." Nyuma yake nikasikia dada yangu akilia.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Usimhukumu mtu kabla hujavihoji vyombo." Asubuhi nikapanda pikipiki, nikateremka Baraka.

Mimi si fundi. Lakini seminarini walimu walitufundisha hivi: ukitafuta sababu, anza na lililo rahisi kujulikana, ulimalize, ndipo uendelee na la pili. Wala usibadili mambo mawili kwa mara moja, maana hutajua ni lipi lililoponya. Tena kitabu cha maelezo kilikuwamo sandukuni, wala hakuna aliyekifungua. Nikakaa nacho.

Kwanza tukapeleka kioo na waya wake kwa jirani mwenye kompyuta. Vyote viwili vikafanya kazi. Basi, kosa haliko huko.

Pili tukatazama waya ule ulichomekwa wapi. Kumbe ulikuwa katika tundu la ubao mama, si katika tundu la kadi! Tundu la ubao mama hutoa picha ikiwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina uwezo wa kuchora yenyewe. Yetu ilikuwa ya Intel, na jina lake linaishia na herufi F, maana yake haina uwezo huo. Tukahamisha waya. Kioo bado cheusi.

"Umeona, Mjomba?" akasema kijana.

"Hatujafika mwisho," nikamjibu.

Hapo nikaona taa ndogo juu ya ubao mama, inawaka penye herufi VGA. Kitabu kikasema: kadi ya picha haijaitika. Tukazima, tukachomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usidhuru vyombo. Tukakuta upande mmoja wa kadi umeinuka kiasi cha ukucha. Tukaisukuma polepole mpaka kifungo chake kikalia, ta! Tukawasha. Taa ile bado inawaka.

Likabaki jambo la nne, umeme wa kadi yenyewe. Mahali inapochomekwa kadi hutoa wati 75 tu. Kadi yenye nguvu yataka zaidi, ndiyo maana ina mdomo wake wa umeme: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza wati 150. Mdomo wa kadi yetu ulikuwa wa pini 8, nao mtupu! Kijana aliuona waya wake, akadhani ni wa akiba, akaukunja nyuma. Tukahakikisha kwamba si ule wa prosesa, ambao pia una pini 8 lakini haufai hapa. Tukazima, tukauchomeka, tukawasha.

Kioo kikang'aa. Dada yangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Herufi zilikuwa kubwa mno na picha nzito, lakini hilo lilikuwa dogo: ilipungua programu ya kuiongoza kadi. Tukaipakua mjini, tukaileta kwa kifaa kidogo cha mfukoni, na yote yakawa sawa.

Lakini kazi moja ilikuwa haijaisha. Nikamtazama mpwa wangu, naye akainama. Akachukua simu, akampigia yule mzee, akasema, "Baba, kosa lilikuwa langu. Nisamehe." Mzee akacheka, akasema, "Mwanangu, wengi hunitukana, wachache hunipigia mara ya pili." Dada yangu akafunga ndagala katika mfuko, akampelekea kwa gari la kwanza.

Wasomaji, lori la kwenda Uvira lingegharimu fedha, na ugomvi ungegharimu jina la mtu. Kosa lilikuwa waya uliokunjwa. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na siku ile tuliyaona maneno hayo katika mji wenyewe wa Baraka.