Mikate ya Safarini

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mtembezi hula miguu yake. Lakini baba yangu, mtembezi kuliko watu wote wa ploti yetu hapa Kayole, yeye hula mikate. Tega sikio, ewe msomaji mpendwa, nikusimulie.

Baba ni dereva wa lori. Hupakia mizigo bandarini Mombasa na kuipeleka hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Akifika upande huu huegesha gari Mlolongo, akapanda matatu hadi nyumbani, akalala usiku mmoja tu. Majogoo yakiwika, ameshaenda. Kwa hivyo mimi na mdogo wangu hatumjui baba sana kwa maneno. Tunamjua kwa mikate iliyofungwa kwa gazeti.

Kutoka Mombasa alituletea mkate wa mayai. Huu si mkate wa dukani, la hasha! Ni unga wa ngano uliosukumwa ukawa mwembamba kama karatasi, ukatiwa nyama ya kusaga, vitunguu na mayai, kisha ukakunjwa pande zote na kukaangwa. Ulifika Kayole umepoa, mafuta yamelowesha habari za michezo, lakini tuliupigania kama paka. Upande mmoja ulikuwa wazi, nyama ikichungulia. Mimi nilidhani ndivyo unavyopikwa.

Kutoka Malaba nako kuna hadithi. Siku moja baba alipiga simu akasema, "Nawaletea rolex." Lo! Mdogo wangu alikunja shati na kuosha mkono hadi kwenye kiwiko, akingoja kuvishwa saa. Kumbe rolex ya Waganda ni chapati iliyoviringwa na mayai, kabichi, nyanya na vitunguu ndani yake! Jina lake, wasemavyo, ni Kiingereza cha mayai yaliyoviringwa kikitamkwa haraka haraka. Tulicheka hadi mbavu zikatuuma. Nayo rolex ilikuwa fupi, imekatwa upande mmoja.

Mwalimu mmoja alitueleza darasani kwamba sandwichi ilipata jina lake kwa bwana mkubwa wa Uingereza wa karne ya 18, aliyeitwa Lodi wa Sandwich. Inasemekana aliagiza nyama katikati ya mkate ili asiondoke kwenye meza ya karata. Wenzangu walicheka. Mimi nilimkumbuka baba, ambaye haondoki kwenye usukani.

Lakini nilipoingia kidato cha pili nilianza kujiona mkubwa. Wenzangu walikuja na hadithi za kupelekwa mjini na baba zao kula chipsi na kuku. Siku moja nilimwambia mama, "Huyu baba hana la kutupa ila makombo yaliyopoa." Mama hakunijibu. Aliendelea kusonga ugali.

Agosti mwaka jana, shule zilipofungwa, mwajiri wa baba alimruhusu anichukue safari moja. Tulitoka Mlolongo jua likizama. Usiku wa manane tulisimama Mtito Andei, katikati ya safari, mahali ambapo mabasi na malori hupumzika. Hapo tulikunywa chai ya rangi na slesi mbili za mkate zilizobanwa yai la kukaanga. Baba alikula slesi moja, akasema hana njaa. Mimi nilikula zangu zote, nikaangalia ile yake. Akanisogezea.

Kesho yake jioni, baada ya foleni ndefu, tulikwenda kwa mama mmoja muuza mkate wa mayai huko Changamwe. Mimi mtoto wa Nairobi nikamwambia, "Sasa, mathe!" Baba akanikanyaga mguu. Nikasahihisha upesi, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akamgeukia baba akicheka:

"Kumbe huyu ndiye mwenye ile nusu! Leo amekuja kuifuata mwenyewe."

Sikuelewa. Nililetewa mkate wangu, wa moto, ukitoa mvuke. Ulikuwa mraba, umefungwa pande zote nne, hakuna nyama inayochungulia popote. Nikaumaliza wote. Nilipoinua macho nilimwona baba ameukata wake katikati. Nusu alikuwa anakula polepole. Nusu ya pili alikuwa anaifunga kwa gazeti.

"Baba, mbona humalizi?"

"Hii ni ya ndugu yako."

Msomaji, kile kipande cha mwisho kilinikwama kooni. Miaka yote ile tulikuwa tunakula nusu ya chakula cha baba! Mtu aliyeendesha gari kilomita karibu 500 usiku kucha alikuwa analala na nusu tumbo, nami nikiita makombo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikumwambia kitu. Njiani kurudi nilikaa macho nikimsemesha asije akasinzia. Ndiyo mara ya kwanza kuongea na baba usiku mzima.

Siku hizi nikitoka shule hununua smokie iliyofungwa ndani ya chapati, na kachumbari ya pilipili, hapo stejini. Smokie ya Kayole, jamani, haina mpinzani! Lakini siku ambayo baba anatarajiwa, naikata. Mwezi uliopita alifika saa nne usiku, akakuta sahani imefunikwa mezani. Akaifunua, akaigeuzageuza ile chapati.

"Imepoa," akasema.

"Na imekatwa," nikamjibu.

Alinitazama kwa muda. Kisha akaketi, akala yote. Hakubakisha hata kachumbari.

Basi wenzangu, ukiletewa kitu kutoka safarini, usikimbilie kulalamika kwamba ni kidogo. Kiangalie kwanza kimekatwa wapi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.